Mbolea Kwa Miti Yako

Mama Nekesa,

Ulikufa Jumanne moja mwezi uliopita, hospitali, saa nne asubuhi. Jumamosi tukakuzika hapa nyumbani Busibwabo, kando ya ile miti yako tatu ya maua. Hii barua nimeiacha wazi. Anayetaka kusoma asome, hasa watu wa kwenu.

Hiyo miti uliitoa mlimani kwenu, midogo kama kidole, ndani ya mkebe wa mafuta. Mimi nikachimba shimo kwa udongo mzuri, nikaleta na mavi ya kuku. Ukafukia hiyo shimo. Ukapanda kule kwa changarawe, mahali hata nyasi inakataa. Ukaniambia, "Hii imezaliwa kwa mawe. Imezoea njaa. Ukiishibisha, unaiua." Miaka sita ulifukuza kuku hapo kama wezi. Na kila mwaka yale maua meupe, makubwa kama kikombe, watu wa barabarani wanasimama kuuliza.

Sasa ndugu yako Barasa. Siku ya tatu ya matanga amekuja na nusu gunia ya mbolea ya kupandia mahindi. "Shemeji, dada yangu hawezi kulala kando ya miti imekonda hivi. Watu watasema aliolewa na njaa." Wazee wenu wakacheka. Nilijua ni makosa. Nikanyamaza, kwa sababu shemeji hakatazwi mbele ya watu, tena matangani. Akamwaga kwa kila mti, akataka maji. Mimi ndiye nilichota hayo maji.

Wiki ya pili majani ikawa manjano, kisha ikaungua pembeni kama imepitiwa na moto. Miti mbili imekufa. Hiyo mbolea inainua mahindi, sikatai. Lakini hii si mahindi, na ulikuwa umesema.

Huu wa tatu nimeuzunguka na panga, pole pole, nikatoa udongo yote yenye mbolea, nikabeba na karai mpaka kwa mahindi. Nikarudisha changarawe. Siku tatu sikuenda kazi yangu ya kupakua lori mpakani. Leo, siku ya kukukumbuka, Barasa akaja na gunia tena. "Huu umekosa nguvu. Ongeza kidogo."

Nikamwambia, wazee wakisikia, "Shemeji, weka hiyo gunia chini. Dada yako alikataa."

Wamesema sina adabu. Wameondoka bila kula.

Wacha waende. Adabu ndiyo ilinifunga mdomo mpaka miti mbili ikafa. Na wewe pia umenikasirisha. Mbona uliniambia mimi peke yangu, mtu wa kunyamaza? Ungemwambia ndugu yako.

Huu mmoja uko na majani manne mabichi. Sijui kama utapona. Lakini hakuna mtu ataugusa.

Lala, mama. Kesho narudi kazi. Lori zimepanga mstari huko mpakani.

Mume wako,
Baba Nekesa