Neno Nililolisema Mbele ya Televisheni

Mke wangu mpendwa, Mama Koku,

Nakusalimu kutoka huku ugenini kwa binti yetu, kwenye baridi, nikitumaini kwamba goti limekuruhusu kwenda kanisani bila fimbo. Je, ulikwenda hospitali ya Nyakahanga kulionyesha, au bado unalikanda kwa maji ya moto? Na migomba ya upande wa barabara, mnyauko umeishia pale tulipokata au umeingia kibanjani, kwenye migomba inayozunguka nyumba? Nijibu yote, usiruke swali.

Mimi ni mzima wa mwili. Nasikia kwamba huko Nyaishozi zimefika habari kuwa Koku amefukuzwa kazi kwa sababu yangu. Hajafukuzwa. Amesimamishwa mpaka kikao cha mwezi ujao. Kusimamishwa na kufukuzwa ni maneno mawili tofauti, usimruhusu mtu ayachanganye mbele yako. Sikutaka kukueleza kwa simu kwa maana ungenikatiza.

Nyumba ya wazee anakofanya kazi binti yetu iliandaa jioni ya televisheni ya zamani. Vipindi vya ujana wa wazee wale vilipangwa kwa mfuatano uleule wa wakati wao. Koku hakutaka kuniacha peke yangu, akaniingiza bila kumwomba ruhusa msimamizi, akaniketisha nyuma.

Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kwanza alitokea mama mmoja mwenye mkufu wa lulu, akasalimu na kutangaza vipindi, kila silabi mahali pake, nilifurahi. Likaja shindano la maswali, kisha mchezo wa kuchekesha ambao wazee walimaliza sentensi zake kabla ya waigizaji. Halafu bwana wa hali ya hewa akabandika mawingu kwa mkono juu ya ramani, na moja likadondoka. Bwana Stanley, dereva mstaafu wa basi aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga iliyovunjika, alicheka hadi akakohoa. Nikawaza kwamba miaka ile, wao wakitazama hayo, sisi tulikuwa tunaanika betri juani ili redio ifike mwisho wa taarifa ya habari.

Mwishoni, kama walivyofunga matangazo zamani, ukapigwa wimbo wa taifa lao. Unanijua. Redio ilipopiga wetu, hata wewe ulisimama jikoni na mwiko mkononi. Nikasimama. Nikaona watu wameketi, mmoja anatafuna biskuti. Sauti ya gwaride ikanitoka:

"Simameni!"

Kiswahili hawakijui, lakini sauti waliielewa. Bwana Stanley alisimama, mikono ubavuni, kidevu juu, bila fremu yake ya kutembelea. Wimbo haujaisha, mguu ukamwacha, akaanguka. Mary, msichana wa Zambia aliyepangwa kumwangalia, alikuwa anagawa chai, aliruka kumdaka, akachelewa. Nyonga ileile imevunjika tena. Mzee yuko hospitali, anazungumza, lakini hatujui kama atatembea.

Msimamizi akaja na kumkazia macho Mary. "Nani alimwinua huyu?"

Mary alikuwa analia tu. Koku, bila kuinua uso, akaniambia kwa Kinyambo ili wengine wasielewe: "Tata, otagamba."

Mtoto wetu ananisihi nisiseme. Lakini kimya changu kingemwangukia Mary. Nikasema kwa Kiingereza, "Ni mimi niliyemwamuru. Mimi ni baba yake Koku."

Tulipofika nyumbani Koku hakuvua hata koti. "Baba, umeniharibia!"

"Nimekuharibia nini? Sentensi haijakamilika."

"Kila kitu! Kazi! Kibali cha kuishi hapa! Na wewe bado unatafuta shamirisho!"

Baadaye alikuja akapiga magoti mbele yangu kama anavyofanya akinisalimu huko nyumbani. "Kuna njia, baba. Andika kwamba hukuelewa swali la msimamizi. Watakubali. Watasema ni mzee kutoka Afrika, Kiingereza chake ni cha kuokoteza."

Mimi, Mama Koku, niliyewafundisha nusu ya wilaya ile sarufi ya Kiingereza. Lakini hilo ningelimeza.

"Na Mary?" nikamwuliza.

Akatazama dirishani. Mary ana mama yake kijijini anayemngojea mwisho wa mwezi kama sisi tunavyomngojea Koku. Nikiyafuta maneno yangu, kikao kitamrudia yeye.

Sijaandika. Koku ananiwekea chakula, ananiambia "Shikamoo," kisha anakwenda na sahani yake chumbani kwake. Nasikia kijiko chake kupitia ukutani.

Mfikishie dada yangu mkubwa wa Bweranyange shikamoo yangu, nawe usimweleze mambo haya, presha yake haiyawezi. Msalimu shemeji anayetuchungia ng'ombe. Ndama jike asiuzwe. Mwambie mwinjilisti wa mtaa atuombee bila kututaja majina, maana kanisa lile lina masikio mengi.

Sasa jambo la mwisho, na lisome taratibu. Koku atakupigia simu kabla ya kikao. Atalia, nawe utalia. Atakuomba uzungumze nami ili niandike anachotaka. Msikilize, yeye ni mwanao na hana kosa. Ila usinipigie. Watu wote huku nimeweza kuwakatalia, pamoja na yeye aliyepiga magoti. Wewe ukiniomba, nitaandika.

Mumeo,
Mwalimu