Kuanguka Mbele ya Watu

Akiru mjukuu wangu, ejok? Hujambo huko? Huku Kakuma tuko wazima, mbuzi wamezaa, na babu yako bado anailalamikia chai yangu.

Unataka kujiunga na timu ya kikapu ya viti vya magurudumu hapo Lodwar, lakini unaogopa kuanguka watu wakikuona. Sikiliza. Juzi nilitazama mechi kama hiyo katika kambi ya wakimbizi hapa. Msichana mmoja wa Sudan Kusini akapinduka na kiti chake. Nikaingia mbio uwanjani kumwinua, shanga zikigongana shingoni. Akanikemea akiwa palepale chini: "Nyanya, toka njiani, tunacheza." Akasukuma ardhi kwa mikono mpaka kiti kikasimama, akaufuata mpira. Mikono ile ilinifurahisha mpaka nikapiga vigelegele.

Jiunge. Nitakuja kukutazama, na ukianguka nitakaa nilipo. Itaniuma, lakini nitakaa.

Nyanya yako