Kitufe Kilisema "Nunua"

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, wifi naye hajambo, na kikohozi cha mtoto kimepungua. Mimi nipo, ila mgongo tu, ule wa tangu enzi za cherehani.

Ukumbi wangu wa gemu umefufuka. Utakumbuka kila gemu nililipia mimi, akaunti ukafungua wewe kwa jina lako, kwa kuwa kompyuta ulizijua wewe. Ulipobadilisha neno la siri, skrini zote ziligoma Jumamosi vijana wamejaa, wakanipigia kelele, Mama Gemu rudisha hela zetu. Nikakufuata ng'ambo ya barabara, kwenye ukumbi wako mpya, nikakuta gemu zangu arobaini na moja zinachezwa. Ukanijibu mbele ya wateja kwamba nililipia ruhusa ya kucheza tu, na kama sijui kusoma masharti nirudi kushona vifungo. Wakacheka. Wewe ukacheka zaidi.

Nikawaandikia wenye kampuni iliyotuuzia gemu hizo mtandaoni. Wakanijibu kwa adabu kwamba kitufe kinasema "Nunua", lakini kinachouzwa ni leseni, nayo ni ya mwenye jina. Kumbe ulisema kweli. Siku hizi nanunua kwa wanaokupa faili lenyewe, lisilo na kufuli. Naliweka kwenye diski yangu: mtandao ukikatika linacheza, muuzaji akifunga duka linacheza, ndugu akinuna linacheza. Gemu zenyewe ni za zamani, lakini wateja wanarudi mmoja mmoja.

Sasa lililonifanya niandike. Siku ya harusi yako nilikupa ufunguo wa nyumba niliyoijenga kwa hela za kushona, nikasema mbele ya watu, hii ni yako. Umelitembeza neno hilo mtaa mzima. Nami nililimaanisha, ila hati sikuwahi kubadilisha jina. Juzi nimeisoma upya. Jina ni langu. Nimeiuza.

Najua unasoma haya umesimama mlangoni, maana barua nimeibandika juu ya kitasa, na kitasa ni kipya. Usihangaike na ufunguo wako. Vyombo vyenu viko kwa jirani fundi viatu, amekubali kuvitunza mpaka kesho. Dawa ya mtoto iko kwenye ndoo nyekundu, juu kabisa.

Nipelekee pole kwa wifi, sina ugomvi naye. Akikuuliza mbona ulisema nyumba ni yenu, mwambie hukusoma masharti.

Ni mimi dada yako,
Mama Gemu