Nimeiga Hadi Jicho Bovu la Mume Wangu

Mpendwa mshauri, nishike mkono, naandika huku machozi yakilowesha karatasi.

Nina miezi minne ya ndoa na nimeolewa na mwanamume mtamu kuliko asali, mpiga picha mwenye studio yake, ambaye tangu uchumba alinifundisha kazi akiwa nyuma yangu, kidevu begani mwangu, akininong'oneza "subiri, subiri, sasa," nami nabonyeza, na kwa mapenzi nikashika kila kitu chake, anaposimama nasimama, anavyogeuza kiti cha mteja kuelekea dirishani nageuza, mpaka wateja hawajui nani kapiga ipi, nami nikaona hiyo ndiyo ndoa yenyewe. Wiki iliyopita mama mkwe alikuja, akazitazama picha zangu ukutani, akacheka: "Mwanangu, na wewe jicho la kushoto halioni?" Mume wangu jicho hilo liliumia utotoni, ndiyo maana katika picha zake watu huwaweka kulia na kushoto hubaki patupu. Mimi macho yangu mawili ni mazima, mshauri, na picha zangu zote zina upande uleule mtupu. Mume wangu hakucheka. Alizibandua moja moja, akasema, "Mke wangu, nilidhani nakufundisha, kumbe natoa nakala. Niletee moja iliyo yako." Nimejaribu siku sita. Nikiinua kamera namsikia begani, nisipomsikia naishusha bila kubonyeza. Ukuta mtupu, naye hanifundishi tena. Nampenda mno, na nahisi ndani yangu hamna mtu.

Kivuli cha Studio

Jibu:

Bi harusi, futa machozi, karatasi haina kosa. Kuiga si dhambi, sote tulijifunza kuongea hivyo. Kosa lako ni kumwachia mumeo hadi kazi ya kuona. Naye asijifanye malaika: alikaa begani mwako akifurahi, leo amejiona mwenyewe ukutani, kashtuka, anakununia wewe. Mwambie hivyo, kwa upole.

Kesho, kabla ya wateja, mkalishe yeye kwenye kile kiti. Hapo hawezi kukunong'oneza, wala hana picha aliyojipiga ya kuigwa. Akianza "geuza kiti," mnyamazishe kama anavyowanyamazisha wateja. Usimpange. Mtazame mpaka uone kitu asichokijua kuhusu uso wake, ndipo ubonyeze. Itatoka mbaya. Ya pili pia, na sikuahidi ya tatu. Itundike hiyohiyo mbaya, kisha akiitazama simama kushoto kwake, ili akitaka kukuona alazimike kugeuka.