Maneno ya Karani wa Forodha

Riruta,
25 Januari 2004

Kwa Ciru, mtoto wa kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka Riruta. Mimi tata, shangazi yako, sijambo, ni mguu tu ambao haujakubali. Daktari anasema plasta itatoka mwezi ujao. Wewe je? Maharagwe ya chuo bado hayajakuchosha?

Kwa kuwa siwezi kukanyaga cherehani, nashinda nikisoma. Nthenya, jirani yangu, aliniletea riwaya aliyoinunua kwa wale wanaotandika vitabu kando ya barabara huko mjini. Ni mapenzi ya kale, enzi za sultani, katika mji wa pwani. Mwanaisha, binti wa nahodha, anapendwa na Nassor, karani wa forodha. Halafu mlinzi wa ghala anaokotwa amekufa, na funguo hazionekani. Wote wanamshuku mfanyabiashara mmoja mgeni. Mimi namshuku karani. Mwanamume mwenye maneno matamu kiasi kile ana kitu anakificha.

Baba yako ameniambia umepata mtu. Ni nani? Kwao ni wapi? Niandikie kabla sijasikia kwa watu wengine.

Ni mimi tata yako,
Wanjugu


Murang'a,
8 Februari 2004

Tata mpendwa,

Pole sana na mguu. Huku tuko salama, tunajitayarisha kwenda mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha.

Anaitwa Waithaka. Kwao ni Mountain View, na kazi yake iko Kilimani, anauzia maofisi wino wa mashine za fotokopi. Tulijuana Desemba nilipokuwa nikitafuta kibarua cha likizo mjini. Usicheke, tata, lakini hakuna mtu amewahi kunisemesha vile. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi pale bustani ya Jeevanjee, akaniambia, "Sina shamba wala jina, Ciru, lakini nitakungoja mpaka bahari iishiwe na chumvi." Mimi! Msichana wa Limuru!

Ana huzuni pia. Walipokuwa wadogo walienda pwani kwa mjomba wao, na ndugu yake akazama huku yeye amemshika mkono. Anasema mpaka leo anausikia ule mkono ukiteleza. Nililia, tata. Sasa kila Ijumaa mimi na wasichana wa bweni letu tunafunga kula mchana na kumwombea huyo mtoto.

Aprili anataka kuja kumwona baba. Mpende kwa ajili yangu.

Mtoto wako,
Ciru


Riruta,
15 Februari 2004

Ciru wangu,

Natumai u mzima. Barua yako niliisoma, nikairudia, halafu nikakiendea kitabu.

Hayo maneno ya chumvi ni ya Nassor. Anamwambia Mwanaisha wakiwa kando ya ukuta wa ngome, neno kwa neno. Palipo na "Mwanaisha", huyo wako ameweka "Ciru". Nikasema labda alikisoma akakipenda, si dhambi. Nikaendelea. Mbele kidogo, Nassor naye ana ndugu aliyekufa maji. Naye alikuwa amemshika mkono. Naye anausikia ukiteleza.

Mwanangu, mtu anaweza kuazima maneno. Ataazimaje maiti?

Usimwambie kitu. Plasta ilitolewa jana, na mkongojo ninao.

Tata yako,
Wanjugu


Murang'a,
7 Machi 2004

Tata,

Hujambo. Nimekusalimia kwa sababu baba alinifunza adabu.

Waithaka amenipigia kwa simu ya chuo. Anasema uliingia ofisini kwao na mkongojo ukamuuliza mbele ya wenzake, "Ndugu yako aliyezama aliitwa nani?" Alipoinamia makaratasi yake ukasema, "Kumbe kitabu hakikuandika jina!" Watu wakacheka mpaka mkubwa wake akatoka kuangalia kuna nini.

Maneno ya chumvi amekubali aliyatoa kwenye riwaya. Anasema yeye hajui kusema vizuri, aliogopa nitamchoka. Lakini habari ya ndugu yake ni kweli, na kwao jina halitajwi kwa sababu ya mama yao. Mtu amefiwa, wewe unamfanya kichekesho!

Tangu Thuo akuache, humwamini mwanamume yeyote. Hayo ni yako na mume wako. Usiniandikie tena.

Ciru


Riruta,
14 Machi 2004

Ciru,

Umenikataza kuandika, nami naandika. Salamu ni zilezile.

Ulilosema kuhusu Thuo lilinichoma. Lakini nilipotulia nikajiuliza, je, kama ni kweli? Labda namwona yeye ndani ya kila suruali. Basi nikanunua mkate na sukari, nikaenda Mountain View, nikaulizia nyumba mpaka nikaipata, nimwombe msamaha mama yake Waithaka.

Nilipobisha, mlango ulifunguliwa na kijana mrefu, sura ya Waithaka kabisa. Nikawaulizia Waithaka na mama yake. "Karibu, mama. Waithaka hayuko, na mama ameenda kanisani. Mimi ni mdogo wake, Mbugua."

Nikamuuliza, "Mmezaliwa wangapi?"

"Ni sisi wawili tu."

"Hakuna aliyezama pwani?"

Akanitazama kama mwendawazimu. "Pwani gani? Sisi hata Mombasa hatujafika."

Akanikaribisha ndani, akaniwekea chai. Nimemiminiwa chai na marehemu, Ciru.

Sikumweleza kitu. Niliacha mkate na sukari mezani nikatoka. Usidhani nimefurahi. Niandikie, hata mstari mmoja.

Tata yako,
Wanjugu


Riruta,
23 Mei 2004

Ciru,

Natumai u salama. Baba yako anasema Aprili hakuna mgeni aliyekuja, na likizo yote ulishinda shambani na jembe. Nthenya naye alikuona Kawangware ukingoja gari. Ulipita hapa kwangu bila kuingia.

Kama umeniona mbaya, sawa. Niambie tu kama unakula.

Tata


Murang'a,
18 Julai 2004

Tata,

Mguu unaendeleaje? Mimi ninakula.

Nilipita Riruta bila kuingia kwako kwa kuwa ningeingia ungesema, "Nilikuambia." Au usingesema, na hiyo ingeniuma zaidi.

Siku tulipofunga chuo nilimkuta Waithaka mjini, nikamuuliza. Alikubali yote. Akasema aliponieleza habari za wino nilikuwa naangalia saa, na aliponieleza habari za ndugu aliyezama nikamshika mkono. Nikamwambia aende zake. Maneno nilishamsamehe. Lakini bweni zima lilishinda njaa kwa ajili ya Mbugua, naye Mbugua yuko kwao anakunywa chai! Wasichana bado sijawaambia. Nashindwa nianzie wapi. Wanamwombea mpaka leo.

Nami nimekuwa kama wewe. Mwalimu akinisifu, nafikiri ana jambo analitaka. Rafiki akinieleza shida zake, moyoni namuuliza amezisoma wapi.

Juma lililopita Waithaka aliniandikia. Barua fupi, mwandiko mbaya, bahari hamna. Anasema baba yao aliwaacha yeye Waithaka akiwa darasa la tano, na tangu hapo akiulizwa habari za kwao hutunga. Anasema ananionea haya. Anaomba kuniona kwenye kituo cha magari tukifunga Agosti. Niliisoma polepole nikitafuta palipoibwa. Sikupaona. Hiyo haimaanishi hapapo.

Nimemjibu aje, na aje na Mbugua. Wewe usiende ofisini kwake, usiende Mountain View, na usimtume Nthenya. Hili nitalichunguza mwenyewe.

Nikimaliza nitakuja kwako, liwe liwalo, unipikie mukimo. Lakini yeye nitamsikiliza nikiwa nimesimama, na begi langu mkononi.

Mtoto wako,
Ciru