Mashine Inayozima Mama Jerono Akipita

Alhamisi. Asubuhi baridi ya kuuma vidole, mchana jua la kuchoma kisogo, saa kumi mvua. Hata Eldoret yenyewe leo haikujua inataka nini. Afadhali, nimepata mwenzangu.

Sijui nianzie wapi. Ngoja niandike mambo yalivyofuatana, labda nikiyaona kwenye karatasi yataninyookea.

Hii trakta ndogo ya kukata nyasi ililetwa shuleni wiki tatu zilizopita. Mwalimu mkuu aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama shamba lake upande wa Timboroa. Haikuja na kitabu cha maelezo. Nilipewa mimi kuiendesha, kwa kuwa niliwahi kuendesha trakta ya kulimia kwenye mashamba ya kule Ziwa. Wekesa, ambaye tumefyeka naye viwanja hivi kwa slasha miaka sita, alibaki na slasha yake kando ya ua. Alinicheka sana. Eti nimekuwa mkubwa, sasa nafanya kazi nikiwa nimekaa.

Siku ya kwanza shule ilikuwa tupu, walimu na wanafunzi wote wamekwenda mashindano ya riadha. Nilikata uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli bila tatizo lolote. Nilijiona dereva.

Kuanzia siku ya pili, balaa. Nakata vizuri, mara visu vinanyamaza. Injini inanguruma kama kawaida, lakini kule chini hakuna kinachozunguka. Fundi Njoroge aliitwa kutoka mjini, akanieleza kwamba visu vinaendeshwa na klachi ya stima. Ukibonyeza swichi, stima inaingia kwenye koili, koili inageuka sumaku na kuvuta sahani ya chuma, ndipo mkanda unazungusha visu. Stima ikikatika, visu vinasimama. Nikamwelewa kabisa. Nisichoelewa ni kwa nini stima inakatika.

Njoroge amekuja mara tatu. Alibadilisha fyuzi. Alikwangua kutu pale waya unapofungwa kwenye bodi ya trakta. Alipima betri, akapima koili kwa mita yake, akaingiza kipande chembamba cha bati kati ya sahani kuona kama nafasi ni sawa. Kila mara mimi nimekaa kitini nabonyeza swichi, yeye ameinama chini, na kila mara klachi inashika bila kosa. Anapangusa mikono, anaenda zake. Kesho yake saa mbili mwalimu mkuu anakuja kukagua, na visu vinanyamaza mbele ya macho yake.

Kila siku, mbele ya macho yake! Na akipita Mama Jerono, yule mama mzee anayeleta maziwa ya walimu kutoka Kapseret, vinanyamaza pia. Filimbi ya bendera ikilia, vinanyamaza. Jikoni walianza kunong'ona kwamba mama huyo ana jicho baya. Mimi sikunong'ona, lakini sikubisha.

Sasa naandika lile ambalo hata mke wangu sijamwambia.

Jumatatu mwalimu mkuu aliniita ofisini. Picha ya Rais ukutani, yeye chini yake, miwani mkononi. Akaniuliza ni nani mwingine anayeingia kwenye kibanda cha mashine. Niliogopa. Nilijua asipopatikana mtu mwingine basi mtu ni mimi, na kazi ikienda nyumba ya shule inaenda nayo. Nikasema nilimwona Wekesa kibandani Ijumaa, karibu na betri, ameshika koleo.

Ni kweli nilimwona. Ni kweli pia kwamba aliniambia anatafuta kipande cha waya afungie mpini wa slasha yake uliopasuka. Hiyo sikuisema.

"Hiyo ni hujuma," mwalimu mkuu akasema, polepole, kama mtu anayeonja neno. Siku hizi neno hilo halichezewi. Wekesa aliambiwa akae nyumbani hadi kamati ya shule ikutane Jumamosi, na kamati ikiona vyema, jina lake litapelekwa kwa DO, mkuu wa serikali wa tarafa. Mtu ambaye jina lake limefika huko na neno kama hilo, sijui nani atampa kazi tena hapa.

Mwalimu mkuu akasafiri Nairobi kwa mkutano. Jumanne visu vikanyamaza. Jumatano vikanyamaza. Wekesa yuko kwake amejifungia, na visu vinanyamaza! Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Leo asubuhi nilikuwa nakata mbele ya bwalo nilipomwona Mama Jerono anakuja na mkebe wake kichwani. Alisimama mbali, akaniinulia mkono.

"Kijana yangu, leo usiniamkie. Kaa tu hivyo. Nimesikia vile watu wanasema juu yangu. Wacha nipite kwanza."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Lakini nilimtii, nikakaa. Akapita karibu kabisa, gambuti zake za mpira zikachota nyasi zilizokatwa, na visu havikunyamaza. Vilizunguka tu. Akageuka akanitazama, nami nikamtazama.

Nikazima kila kitu, nikabaki nimekaa pale kama mjinga.

Baba yangu alikuwa akituchapa tukimwamkia mtu mzima tukiwa tumekaa. Hakuwa na mchezo na jambo hilo. Hadi leo, na mvi zangu hizi, nikimwona mkubwa wangu matako yanainuka yenyewe kabla sijafikiri, mkono unavua kofia. Kwa mama wa maziwa. Kwa mwalimu mkuu. Kwa bendera.

Niliwasha tena. Nikabonyeza swichi, visu vikazunguka. Nikainuka kidogo, kama ninavyoinuka kumsalimu mtu. Vikasimama. Nikakaa, havikurudi, mpaka nilipozima swichi na kuiwasha upya. Nimerudia mara tano. Kisha nikafunua kiti. Chini yake kuna kitufe cheusi chenye waya mbili, kinabanwa na uzito wa anayekaa. Nadhani kimewekwa ili dereva akianguka, visu visimkate. Njoroge hakukiona kwa sababu kila akipima, mimi ndiye nimekikalia.

Mashine haina ugonjwa. Haijawahi kuwa nao.

Nilikuwa bado nacheka peke yangu, kicheko cha kichaa, mwalimu mkuu alipotokea. Amerudi jana jioni. Nilitaka kuhakikisha mara ya mwisho, kwa hiyo nikang'ang'ania kiti na kuendelea kukata. Mwili wote ulikataa. Nilihisi kama namtukana mtu, lakini yeye hata hakutambua. Alisimama akatazama mstari wa nyasi uliokatwa safi, akatabasamu, na sijawahi kumwona akitabasamu kwa ajili yangu.

"Umeona?" akasema. "Tumeondoa mdudu, mashine imepona. Jumamosi utaieleza kamati vile ulivyonieleza mimi."

Nikasema ndiyo, mwalimu.

Kwa nini nilisema ndiyo? Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Ilikuwa ni kuinuka tu, asikie visu vikikatika, basi. Lakini niliona pia uso wake ukibadilika, nikaona swali litakalofuata: kama ni hivyo, wewe ulinipa jina la mtu kwa msingi gani? Niliogopa. Sina maelezo mengine, na sitaki kuyatafuta.

Kwa hiyo hivi ndivyo mambo yalivyo. Jana mashine ilikuwa mbovu na Wekesa alikuwa na nafasi ya kujitetea. Leo nimejua dawa yake, na dawa hiyo ndiyo inayomfunga.

Mvua ilipoanza nilikimbilia kwa Wekesa. Ni mlango wa tatu kutoka kwangu. Nilikwenda kumwambia. Naapa nilikwenda kumwambia.

Alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu, ndugu yangu. Wewe peke yako ndio umekuja. Wengine wakiniona wanageuza njia." Mkewe akanimiminia chai, akatia maziwa ambayo nadhani yalikuwa ya mtoto. Wekesa akasogeza kiti. "Jumamosi unitetee, tafadhali. Hiyo mashine unaijua wewe. Mimi wakiniuliza nitasema nini? Hata jina la hicho chuma silijui."

Nikamwambia nitamtetea. Nikanywa chai yote.

Kumtoa kwenye hujuma ni kazi ya dakika moja, kiti na kitufe kile vinatosha. Lakini siku watakapomwambia hana kosa, atauliza ni nani aliyelipeleka jina lake ofisini. Ninamjua Wekesa. Atauliza taratibu, bila hasira, na atakuja kuniuliza mimi kwanza kwa sababu mimi ni rafiki yake.

Kesho ni Ijumaa. Nimeamua kwenda kwake kabla ya ofisi, asubuhi na mapema, asisikie kwa mtu mwingine. Nimejaribu kuandika hapa maneno ya kwanza nitakayomwambia. Nimeyafuta mara nne. Nikishasema "Wekesa, ni mimi," sijui ninaendelea vipi.