Upatanisho Ulionywewa Bila Wewe

Mwanangu Sifa,

“Katika chuo hiki hakuna ubaguzi. Kuna watoto wa familia moja ambao mara nyingine hukosana, na familia inajua kuwapatanisha.” Maneno haya aliyasema katibu mkuu wetu wa masomo juma lililopita, mbele ya walimu wote, alipokuwa akieleza kwa nini ofisi yangu haihitajiki tena. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma nikijiuliza jambo moja: katika familia hiyo, wewe ulikuwa mtoto wa nani?

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu yako haipatikani. Shangazi yako wa kule kwenu Miti aliniambia ulikwenda Shabunda, na kwamba huko unadunga watu sindano katika duka la dawa karibu na machimbo ya dhahabu, bila diploma. Ulikuwa umebakiza stage moja tu, yaani mazoezi ya kazini, ili umalize masomo ya uuguzi. Chuo kilikuharibia stage hiyo, kikakupa sufuri, na sasa kinasema uliacha masomo kwa hiari yako.

Nakumbuka ulivyoingia kwangu mara ya kwanza. Ofisi yangu iko chini ya ngazi, imepakana na chumba cha mafagio, na wewe ulikuwa unatafuta fagio maana zamu ya kusafisha ukumbi ilikuwa yenu. Nilikuambia hapa si kwa mafagio, hapa watu huleta malalamiko ya kubaguliwa. Ulirudi nyuma ukasoma kibao cha mlangoni: Uratibu wa Haki na Usawa.

“Na watu banaletaka kweli?”

“Wachache.”

“Basi Maman unafanyaka nini siku yote?”

Kwa miaka yangu yote ya kugombana na wakubwa wa chuo hiki, hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kuliko hilo. Tangu hapo ukawa unapita adhuhuri na parachichi lako. Tulilikata vipande viwili, wewe ukala chako na chumvi, mimi na mkate. Ulikuwa ukiwaiga maprofesa wanavyopanda ngazi na mafaili kwapani, na nilikukemea huku nageuka ukutani nisionekane nacheka.

Wakati huo nilikuwa naandika kanuni za chuo za kuzuia ubaguzi. Nilikusomea vifungu: kabila, jinsia, dini, ulemavu, asili ya mtu. Ulisikiliza ukitafuna.

“Maman, na kama mutu anakuwekea sahani yako mbali, ile iko mu article gani?”

“Itaingia kwenye asili.”

“Andika sahani. Bakisoma asili, kila mutu atasema si yeye.”

Niliandika. Wanasheria wa chuo wakaifuta, wakasema neno hilo linaishusha hadhi ya kanuni. Siku ile nilidhani tunabishana juu ya lugha.

Kisha mkaenda Bunyakiri kwa stage katika kituo cha afya. Wote wa kundi lenu mlikodi nyumba moja na kupika chungu kimoja, kama wanafunzi wa stage wanavyofanya miaka yote. Mwenzako mmoja akasema kwao hawali pamoja na Watwa kama wewe, na hatabadilisha desturi ya wazazi wake kwa sababu ya masomo.  Wenzako walikununulia sahani yako, wakaitia doa la vernis nyekundu ya kucha, na wewe, uliponisimulia, ulisema kwanza ulifikiri wameiwekea alama isipotee. Kesho yake ukakuta kikombe chako nacho kina doa.

Ulimwendea msimamizi wenu wa stage. Alikujibu: “Kula pembeni kwa muda, usituletee vurugu, tuko safarini.” Ulikula pembeni. Ukavumilia mpaka siku walipokuambia na ndoo ya maji usiiguse. Mkunga wa kituo akakupa nafasi kwake, ukahamia huko, na kila asubuhi ulifika kazini kabla ya wenzako. Mkunga mwenyewe amenithibitishia. Mliporudi Bukavu, msimamizi yuleyule alikupa sufuri katika kazi ya kundi. Sababu aliyotoa: ulijitenga na kundi.

Ulikuja kwangu hukulia. Ulikaa ukasema, “Mu raporo niko peuple autochtone, mu jikoni niko mutwa.” Ndivyo ilivyo: kwenye ripoti wewe ni mwenyeji wa asili, jikoni ni Mtwa tu. Chuo kinakupenda sana kwenye picha wanazotumiwa wafadhili. Nchi ina sheria inayowalinda watu wenu, na katika mikutano wakubwa wetu huitaja kwa sauti nzito. Chakula kikiiva, sheria inabaki kwenye mikutano.

Nilifungua shauri kwa mujibu wa kanuni. Kabla sijamwita shahidi hata mmoja, katibu mkuu alilitoa mikononi mwangu akalipeleka kwa mutualité, yaani vyama vya wanafunzi wa kabila moja au wilaya moja. Sitavitukana vyama hivi. Ukiugua wanakuletea uji, ukifiwa wanakesha nawe. Na ukigombana na mtu wa upande mwingine, rais wenu na rais wao wanakaa, kreti inafunguliwa, mnakunywa, na neno linakwisha. Mji huu umezuia ngumi nyingi kwa njia hiyo. Lakini njia hiyo inamtaka kila mtu awe na upande, na katika chuo chetu Watwa hawana mutualité, kwa sababu ulikuwa wewe peke yako.

Unajua walichofanya. Walitafuta chama cha watu wanaopakana na kijiji chenu, wakakipa kazi ya kuwa upande wako. Rais wake, kijana wa sheria tuliyempa jina la Président kwa mzaha, nilimkuta kwenye kantini ana furaha.

“Maman Coordinatrice, ile mambo ya Sifa tulishaimaliza. Tulikunywa.”

“Sifa alikuwepo?”

“Hapana, tulimuwakilisha.”

“Nani aliwatuma?”

“Maman, ule mutoto hana watu. Sisi tulimwazima watu.”

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Aliamini amekutendea wema. Watu ambao nyumbani kwao nako ungewekewa sahani mbali walipokea msamaha ulioombwa kwako, wakasamehe kwa kinywa chako, wakanywa, na katibu mkuu akafunga shauri: pande mbili zimepatana. Sufuri haikuguswa. Kugusa sufuri, walisema, ni kufufua ugomvi.

Nilikuambia mimi mwenyewe, tumesimama nje ya maktaba, mvua inanyesha.

“Balikunywa nini?”

“Bia, na sukre kwa wasiokunywa pombe.”

“Bakaniomba musamaha?”

“Ndiyo.”

“Na mi nikakubali?”

“Ulikubali.”

Ulicheka hadi ukashika ukuta. “Maman, mi niko mutu muzuri sana. Nasamehe hata nikilala.” Kisha ukauliza kama hata chupa moja hawakukuwekea. Sifa, nimesoma vitabu vingi juu ya dhuluma, na nimewatetea watu wengi wenye hasira. Kicheko kile sijui nikiweke wapi. Juma lililofuata hukuja adhuhuri. Wala lile lililofuata.

Sasa wananiambia ninakuza jambo dogo. Mwalimu mmoja, mtu niliyekuwa namheshimu, alinisimamisha getini: “Dada, benki zimefungwa kwa ajili ya vita, watu wanalala na viatu tayari kukimbia, na wewe unatuletea habari ya sahani?” Nilimjibu na nakujibu na wewe, usije ukaamini hivyo huko uliko. Sisi watu wa Kivu tunalia kila siku kwamba dunia inatuzika kimya kimya, kwamba wakubwa wa mbali wanapatana juu ya vichwa vyetu, wanapeana mikono hotelini, wanatangaza amani ambayo hakuna aliyetuuliza. Tunalia kwa haki kabisa. Halafu tunachukua binti mmoja kutoka Miti na kumfanyia hayohayo kantini kwetu, kwa bia. Mtu anayefanya hivi hana haki ya kuushangaa ulimwengu.

Wanasema pia walitaka amani. Amani hiyo ilimgharimu nani? Msimamizi bado anasimamia. Yule aliyekataa chungu amepata diploma yake, na ataajiriwa katika zahanati ambako siku moja ataletewa mama wa Kitwa mwenye uchungu wa kuzaa. Mwenye kuhama ni wewe, muuguzi aliyekubali kulala kwa mkunga ili asikose zamu hata moja.

Mimi nipo. Ufunguo wa ofisi sijaurudisha, ingawa wameuomba. Adhuhuri nakula peke yangu, kwa hasira, na hasira haisaidii tumbo. Nimekukosa, mwanangu, na ulimi wako mkali nimeukosa. Ukiwa huko usiache kuosha mikono kabla ya kila sindano, hata wachimbaji wakikuharakisha. Nakuaga hapa, maana maneno yaliyobaki si yako.

Ninyi wajumbe wa Baraza la Chuo, mnaosoma hili na kujifanya hamkusoma: jury ya kikao cha pili, ile inayoamua matokeo ya wanafunzi, bado haijafungwa. Kutaneni kabla haijafungwa. Tangazeni kwamba upatanisho ule ni batili, kwa kuwa aliyekosewa hakuwepo. Futeni sufuri. Mpangieni stage mpya chini ya msimamizi mwingine, na barua ya kumwita mwandikieni yeye mwenyewe, kwa jina lake, isipite mkononi mwa chama chochote. Na mjumbe anayeona hili haliwezekani asimame kikaoni, aseme jina lake na sababu yake, ili siku Sifa atakapouliza nani alimkatalia, nimjibu.

Maman yako